Mawingu ya Wageni Juu ya Kungugu

Ilikuwepo nchi, na ipo bado, ila msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani za nchi hiyo huchapishwa na serikali yake yenyewe na kila toleo huwa kubwa kidogo kuliko lililotangulia. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu isipokuwa umeme. Tuseme haki, umeme ulikuwepo, lakini ulikuja kwa zamu, na zamu yako ikifika unaambiwa umekwenda kwa jirani. Ukienda kwa jirani unamkuta anavaa viatu aje kuuliza kama uko kwako.

Serikali ililitafakari jambo hili miaka kumi na moja, kisha ikaunda Wizara ya Nuru, Madirisha na Mtazamo wa Mbele. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Makeke, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu, alitangaza redioni kwamba kuanzia siku hiyo majengo yote ya umma yatatumia mwanga wa anga peke yake. Swichi zikazibwa kwa saruji. Taa ikikutwa inawaka ofisini mchana ilihesabiwa kuwa ni dharau kwa jua, na jua, Waziri alifafanua, ni mali ya taifa.

Lakini wizara haikutaka kufanya mambo kienyeji. Ililetewa kompyuta ya ajabu: ukiipa mchoro wa jengo, inalisimamisha jengo hilo ndani ya kioo chake, inaliwekea anga juu, kisha inakuambia siku gani, saa ngapi, mwanga kiasi gani utaangukia dawati lipi. Ilihitaji kitu kimoja tu, nacho ni mng'ao wa anga wa mwaka mzima, saa kwa saa, saa elfu nane mia saba na sitini. Katika nchi ile hakuna aliyewahi kupima mng'ao wa anga. Kilichokuwepo ni madaftari ya hali ya hewa, na ipo hesabu ya kugeuza madaftari kuwa mng'ao: unachukua mahali jua lilipo saa ile, unachukua kiasi cha mawingu, unazidisha, unagawanya, unamwomba Mungu, na anga inapatikana. Wizarani wakaulizana nani anaijua hesabu hiyo. Akapatikana mtu mmoja tu, naye aliishi mjini Kungugu.

Kungugu ni mji mdogo wa mlimani ulioitwa hivyo na mababu kwa sababu walipofika hawakuuona. Ukungu hupanda kutoka bondeni asubuhi, hugeuka wingu, hukaa juu ya mapaa, na miezi tisa kwa mwaka hauna haraka ya kwenda popote. Hapo ndipo alipofanya kazi Bi Zamaradi Mgaya, mpima hali ya hewa, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Alisifiwa na wote kwa uchapakazi, na alikuwa na tabia moja tu mbaya. Alipenda kutazama juu kabla ya kuandika.

Hiyo ilikuwa kinyume na utaratibu wa nchi ile. Mtazamaji wa hali ya hewa huigawa anga katika sehemu nane, akaandika ngapi zimefunikwa. Sifuri ni anga safi, nane ni gubigubi. Huo ndio utaratibu wa dunia nzima. Lakini katika nchi ile, kwenye sherehe za mwaka wa kumi wa uhuru, mkurugenzi wa hali ya hewa wa wakati huo alitabiri mvua siku ya gwaride, na mvua ikanyesha, tena juu ya jukwaa kuu. Akachukuliwa saa ile ile. Mashitaka yalikuwa mepesi kueleweka: kama hakuhusika, alijuaje? Hakuonekana tena, na tangu hapo ikawa desturi kwamba siku za taifa kila mtazamaji anaandika sifuri.

Mwanzo siku za taifa zilikuwa tatu. Ikaongezwa siku ya kuzaliwa Mtukufu Kiongozi, na ya mama yake, na siku aliyopona mafua, na siku aliyojua kuendesha baiskeli, na siku aliyoanguka nayo akainuka bila msaada wa mtu. Kufikia wakati wa kisa hiki siku za taifa zilikuwa mia mbili tisini na moja kwa mwaka. Watazamaji wengi, ili kuokoa muda, walijaza sifuri za wiki nzima Jumatatu asubuhi na kwenda kulima. Mvua peke yake iliandikwa sawasawa, kwa kuwa Wizara ya Kilimo iliihitaji, kwa hiyo madaftari ya serikali yalikuwa na siku nyingi zenye mafuriko na anga isiyo na hata wingu moja. Watu wa wizarani walipoulizwa mvua hiyo ilitoka wapi, walisema ni jasho la jua.

Zamaradi naye aliandika sifuri. Alikuwa na mtoto wa kulea. Lakini kila alipomaliza kuandika sifuri kwenye daftari la serikali, alifungua daftari lake la shule lenye picha ya tausi kwenye jalada, akatazama juu, akaandika alichokiona. Alifanya hivyo saa kwa saa tangu jua kuchomoza hadi kuzama, miaka kumi na tisa. Hakuwa mpinzani wala hakuwa na mpango wowote. Asipoandika, chakula hakikumshuka. Madaftari ya tausi yalifika kumi na manne, na yote aliyaweka nyumbani ndani ya pipa la unga.

Amri ilipokuja kwamba atengeneze mng'ao wa mwaka, alitumia daftari la serikali, kama alivyoagizwa. Faili lilirudishwa baada ya wiki mbili. Mheshimiwa Waziri alikuwa amelipitia mwenyewe na kushtuka kukuta kwamba katika mwaka mmoja wa uongozi bora kulikuwa na saa zaidi ya elfu nne za mng'ao sifuri. Alitaka maelezo ya maandishi. Zamaradi akajibu kwa heshima kwamba huo ni usiku. Wizara ikajibu kwamba usiku unafahamika, lakini si lazima uonekane umezidi, na ikashauri saa hizo ziitwe mapumziko ya nuru. Zikaitwa hivyo, na faili likapita.

Jengo la kwanza kusanifiwa kwa anga hiyo lilikuwa zahanati ya Kungugu. Mchoraji wa wizara, Injinia Pastori Malimbo, aliingiza faili kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema kwamba anga ya Kungugu inang'aa kupita jangwa, na kwamba dirisha lolote linalozidi upana wa kiganja litawapofusha wagonjwa. Malimbo alikuwa kijana mwaminifu. Alijua Kungugu kukoje, shangazi yake aliolewa huko. Lakini alisema mashine haina siasa, inakula ilichopewa, na yeye alipewa mashine.

Zahanati ikajengwa na viganja vyake sita vya madirisha, juu kabisa chini ya dari. Ndani kulikuwa giza totoro saa nne za asubuhi. Daktari aliwatambua wagonjwa kwa kikohozi. Mzee mmoja aliyekwenda kung'olewa jino alipigwa chanjo ya surua, na akashukuru. Mama mmoja alirudi nyumbani na mtoto mchanga mzuri mwenye afya ambaye hakuwa wake. Alipokwenda kumbadilisha akapewa wa tatu. Kina mama wakaamua kukutana nje, uwanjani, kila mtu aje na aliyenaye, wakapatana. Taarifa ya wizara ilisema wananchi wa Kungugu wamezoea mwanga mwingi mno na macho yao yanahitaji muda wa kupoa.

Haya yote Zamaradi aliyavumilia, kwa sababu nchi ile ilimfundisha mtu kuvumilia kama wengine wanavyofundishwa kuogelea. Kisha ikaja barua ya pili. Ukumbi wa mitihani wa shule ya msingi ya wasichana ya Kungugu, ambao paa lake lilichukuliwa na upepo mwaka juzi, ungejengwa upya kwa faili lile lile, na mtihani wa darasa la saba ungefanyikia humo. Mtihani huo katika nchi ile hufanywa mara moja tu maishani. Anayeshinda anaendelea, anayeshindwa haulizwi tena. Na miongoni mwa wasichana watakaoufanya mwaka huo alikuwemo Rehani, mtoto wa pekee wa Zamaradi, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyesoma kila kitu kilichoandikwa, hata magazeti ya kufungia maandazi.

Zamaradi akatoa daftari la tausi lenye mwaka uliopita, akalikung'uta unga, akapanda basi kwenda makao makuu kumwona Mavumba, mkurugenzi wa sasa wa hali ya hewa.

Ofisi ya Mkurugenzi nayo ilikuwa imeshasanifiwa upya. Zamaradi alilisalimia kabati kabla ya kusahihishwa. Mavumba alilichukua daftari, akapanda juu ya kiti, akalisogeza kwenye kiganja cha mwanga karibu na dari na kulisoma akiwa amesimama huko. Alisoma kurasa nyingi kuliko Zamaradi alivyotegemea. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Bi Zamaradi, unataka kuniambia kwamba siku ya kuzaliwa mama yake Mtukufu, Kungugu kulikuwa na wingu?"

"Nane kwa nane, Mkurugenzi. Na manyunyu."

"Manyunyu."

"Ya kulowesha tu."

Mavumba alishuka polepole. Zamaradi akamsikia akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Akamwambia kwamba yule mkurugenzi wa kwanza, aliyetabiri mvua, alikuwa mwalimu wake. Walikuwa pamoja jukwaani siku ile. Mwalimu alikuwa amekuja na mwavuli, na mwavuli ndio uliotumika kama ushahidi.

"Lirudishe nyumbani hili daftari," alisema. "Mimi sikuliona. Na humu ndani, kama unavyojua, hakuna atakayenibishia."

Zamaradi alirudi Kungugu na hasira ya aina yake, ile inayomfanya mtu kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alimkuta Rehani mlangoni, amekaa kwenye kizingiti na kitambaa amejifunga machoni, anaandika. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili ukaupanda wa kwanza, wa tatu ukatoka nje ya karatasi na kumalizikia kwenye goti. Alimwuliza anafanya nini. Rehani alisema mwalimu mkuu amekwenda kuona zahanati, akarudi, na tangu juzi anawafundisha darasa zima kuandika bila kuona.

"Swali litasomwaje?" mama akauliza.

"Mwalimu anasema tuandike majibu mengi, mama. Mengine yatafanana na maswali."

Zamaradi alikwenda jikoni akasonga ugali huku machozi yakimtoka, na hakusingizia moshi. Redio ilikuwa inasema, kama ilivyosema kila siku saa hiyo, juu ya hila za nchi jirani. Nzige wa mwaka ule walitoka nchi jirani. Mafua ya Mtukufu yalitoka nchi jirani. Timu ya taifa ilifungwa mabao matano kwa mpira ulioshonwa nchi jirani. Mtangazaji akaongeza kwamba hata mbu wa siku hizi wanavuka mpaka bila vibali, na ushahidi upo. Mwiko ukasimama katikati ya sufuria. Ugali uliungua siku hiyo, na Rehani akaula hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwahi kumwona mama yake akicheka peke yake.

Kwa siku kumi na mbili Zamaradi alikaa na madaftari yake akitengeneza faili jipya. Kisha akaomba nafasi mbele ya Waziri kwa barua yenye kichwa cha habari kilichomfungulia milango yote: Uvamizi wa Kila Siku katika Anga ya Kungugu.

Kikao kilifanyika uwanjani mwa wizara, kwa sababu ukumbi wa wizara ulikuwa umeshasanifiwa. Waziri alikaa katikati, Mkurugenzi Mavumba pembeni akiwa amejikunyata, Injinia Malimbo na kompyuta yake mapajani. Zamaradi aligawa karatasi. Zilikuwa na safu mbili. Ya kwanza iliitwa Mawingu ya Taifa, na ilikuwa sifuri mwaka mzima, juu mpaka chini, safi kabisa. Ya pili iliitwa Mawingu ya Wageni, na humo Zamaradi alikuwa amenakili daftari la tausi bila kubadilisha tarakimu hata moja.

Waziri alitembeza kidole kwenye safu ya pili. Sita, saba, nane, nane, nane, saba. Sura yake ikawa nzito.

"Haya yaliingiaje?"

"Kwa juu, Mheshimiwa," alisema Zamaradi. "Mpaka wetu una walinzi wa chini tu."

Watu wakatazamana. Ni kweli, hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Waziri alisimama na hotuba ikamtoka yenyewe. Alisema kwamba kumbe adui, baada ya kushindwa ardhini, ameamua kuja na mbinu ya unyevunyevu. Alisema anga ya taifa ni safi, imekuwa safi, na itaendelea kuwa safi chini ya mawingu haya. Alisema historia itawauliza walikuwa wapi. Alizungumza dakika hamsini, na wakati akizungumza wingu dogo lilipita juu ya uwanja, akalinyooshea kidole na kulitaka litaje lilikotoka. Makatibu waliandika kwamba lilikataa kujibu.

Injinia Malimbo, ambaye alikuwa ameelewa tangu mstari wa tatu na alikuwa akiuma mdomo ili asicheke, aliliingiza faili kwenye kompyuta. Akatangaza kwamba kwa sababu ya hujuma hizo ukumbi wa Kungugu utahitaji madirisha makubwa, kuanzia magotini hadi kwenye boriti, pande zote mbili. Hapo Waziri akasita. Dirisha kubwa, alisema, ni kama kukiri kwamba nuru imepungua.

Zamaradi alikumbuka kitambaa machoni mwa mwanawe na ule mstari uliomalizikia kwenye goti. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Mheshimiwa aruhusu akumbushe jambo moja: ukumbi ule utakuwa na wasichana mia tatu, yaani macho mia sita, na dirisha likiwa dogo macho hayo hayatamwona mvamizi akipita.

"Vituo vya ulinzi," alisema Waziri polepole.

"Vya vioo, Mheshimiwa."

Mavumba alikohoa sana na kuomba maji. Amri ikatiwa saini pale pale, mgongoni mwa katibu.

Njiani kurudi, Zamaradi hakuwa na furaha aliyoitegemea. Basi lilipoanza kupanda mlima na ukungu ukaligusa kioo, aliona aibu. Ukungu huo ulitoka kwenye bonde ambako mama yake alifua nguo na yeye akajifunza kutembea, na sasa alikuwa ameuandikisha kuwa mgeni. Alitaka kuuomba radhi, lakini ndani ya basi kulikuwa na watu.

Ukumbi ukajengwa kwa wiki tisa, haraka isiyo ya kawaida, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa wa kijeshi. Siku ya mtihani Mheshimiwa Waziri alikuja kuuzindua. Ilikuwa saa mbili asubuhi na wingu lilikuwa limekaa juu ya Kungugu gubigubi, jeupe, zito, mji mzima chini yake. Ndani ya ukumbi mwanga ulikuwa mzuri ajabu, mwanga laini usio na kivuli, umeenea kila dawati mpaka la nyuma kabisa, kama vile kompyuta ilivyosema. Waziri alifungua karatasi zake na kusoma, bila kukosea hata neno, hotuba ya kulilaani wingu lililokuwa likimmulikia.

Kisha akaondoka na wasichana wakaanza. Zamaradi alikuwa kwenye kizimba chake cha vipimo, hatua thelathini kutoka dirishani, na aliweza kumwona Rehani akiandika, mgongo umenyooka, macho wazi. Alitazama juu, akachukua fomu mpya ya serikali, iliyochapishwa na safu zote mbili. Mawingu ya Taifa: sifuri. Mawingu ya Wageni: nane. Tarakimu hiyo ya mwisho ilikuwa ukweli wa kwanza aliowahi kuuandika kwenye karatasi ya serikali siku ya taifa kama hiyo.

Mwishoni mwa mtihani wa jiografia alimwona Rehani akiacha kuandika. Msichana aliinua kichwa, akatazama nje. Alitazama bondeni, ambako ukungu ulikuwa ukipanda mbele ya macho yake, ukipita shamba la shule, ukipita choo cha walimu, ukijiunga na wingu juu. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama mama yake, akainama, akaandika maneno mawili.

Saa tisa Rehani alifika nyumbani na kuweka kalamu mezani. Alisema maswali yote aliyaona vizuri. Swali la mwisho lilikuwa jipya, la alama nane: mawingu ya Kungugu hutoka wapi?

"Ukaandika nini?"

"Nchi jirani."

Zamaradi alipepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

"Alama nitapata, mama. Nane kwa nane," alisema Rehani. "Ila sasa naomba lile pipa."

Alitoa madaftari ya tausi yote kumi na manne, akayapanga mezani, akayafuta unga moja moja kwa kanga. Akachukua rula. Pembeni ya tarakimu za mama yake, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa palikuwa patupu, alichora safu mpya, na mbele ya saa ya kwanza akaandika: bonde letu. Zilikuwa saa nyingi mno, lakini jua lilikuwa bado lipo, na alikuwa ameanzia ukurasa wa kwanza.